Misikiti, makanisa na daraja baada ya vita vya kikabila: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa kila inapotajwa habari ya misikiti ya Bosnia au monasteri za Kosovo. Huulizwa na wanafunzi, na viongozi wa dini, na watu ambao msikiti au kanisa lao wenyewe limewahi kuchomwa na jirani wanayemjua kwa jina. Nimeyajibu kwa kutumia nchi hizo mbili kwa sababu yaliyotokea huko yameandikwa, yamefikishwa mahakamani, na miaka imepita ya kutosha kuonyesha kilichofaa na kilichoshindikana. Rwanda nayo imo, kwa sababu kuna swali moja ambalo siwezi kulijibu bila kuitaja.

Majengo ya ibada si huharibika tu kwa kuwa yako katikati ya mapigano?

Mengine ndiyo, lakini tazama Banja Luka, mji wa kaskazini mwa Bosnia uliokuwa mikononi mwa Waserbia wakati wa vita vya 1992 hadi 1995. Mapigano hayakufika mjini humo. Hata hivyo misikiti yote 16 ya mji ilibomolewa. Maarufu kuliko yote, Ferhadija, uliojengwa mwaka 1579 na Ferhat-paša Sokolović, ulilipuliwa kwa baruti usiku wa kuamkia 7 Mei 1993, na msikiti wa Arnaudija ukalipuliwa usiku huohuo. Kisha zikaja mashine na malori. Kifusi kilizolewa, kikaenda kumwagwa jalalani, na mahali palipokuwa na msikiti kwa zaidi ya miaka 400 pakabaki uwanja mtupu.

Anayetaka kushinda vita hahangaiki kuzoa kifusi. Anayezoa kifusi anataka aliyefukuzwa akose pa kurudi. Mnara ukishatoweka na makaburi ya mababu yakishasawazishwa, mtoto aliyezaliwa uhamishoni ataambiwa kwamba watu wake hawakuwahi kuishi pale. Foča, mji ulioko kando ya mto Drina, walifika mbali zaidi. Walilipua msikiti wa Aladža wa karne ya 16 mwaka 1992, halafu wakabadili hata jina la mji ukaitwa Srbinje, jina linalotangaza kuwa mji ni wa Waserbia. Jina la Foča lilirudishwa mwaka 2004.

Lakini pande zote si zilibomoa?

Pande zote zilipoteza, na pande zote zina watu waliobomoa. Kanisa kuu la Kiorthodoksi la Mostar liliharibiwa mwaka 1992, na monasteri ya Žitomislić, kusini mwa mji huo, iliharibiwa mwaka huohuo. Daraja la Kale la Mostar liliangushwa na mizinga ya vifaru vya jeshi la Wakroatia wa Bosnia tarehe 9 Novemba 1993. Kosovo, katika vita vya 1998 na 1999, karibu theluthi moja ya misikiti iliharibiwa au kubomolewa. Waserbia waliposhindwa, kisasi kikageukia makanisa yao. Na katika siku tatu tu, 17 hadi 19 Machi 2004, makundi ya Waalbania yalichoma au kuharibu zaidi ya makanisa na monasteri 30 za Kiorthodoksi. Siku hizohizo, huko Serbia, watu walichoma msikiti wa Niš na ule wa Bajrakli mjini Belgrade.

Ila kusema "wote sawa" ni kukwepa ukweli. Bosnia ilipoteza misikiti mamia kwa mamia, na mingi ilibomolewa kwa mpango, mji baada ya mji. Unaweza kusema hivyo waziwazi na bado ukasimama kulinda kanisa la Kiserbia la Prizren, huko Kosovo, kwa nguvu zako zote. Kwa kweli, kama huwezi kufanya yote mawili, kazi hii ya kulinda urithi haikufai.

Kuna sheria gani?

Mkataba wa The Hague wa mwaka 1954 unakataza kushambulia mali ya utamaduni wakati wa vita, na Itifaki yake ya Pili ya mwaka 1999 iliongeza makali kuhusu adhabu. Hiyo ni sheria ya wakati wa vita. Kwa kipindi cha baada ya vita, Bosnia ina kitu ambacho ningependa kila mpatanishi akifahamu: Kiambatisho cha 8 cha Makubaliano ya Dayton ya mwaka 1995. Katika mkataba uleule uliogawa ardhi na kupanga majeshi, waliandika kwamba kutakuwa na Tume ya Kuhifadhi Kumbukumbu za Taifa, yenye mamlaka ya kutangaza mahali fulani kuwa pa kulindwa. Raia yeyote anaweza kupeleka ombi. Tume imekwisha kutangaza mamia ya maeneo, ya Waislamu, Wakatoliki, Waorthodoksi na Wayahudi.

Kosovo ilipita njia nyingine. Sheria ya mwaka 2008 iliweka maeneo maalumu ya ulinzi kuzunguka monasteri na makanisa ya Kiserbia, zaidi ya 40, ambamo huwezi kujenga kiwanda wala ghorofa la kuziba kanisa. UNESCO iliiandikisha monasteri ya Dečani katika urithi wa dunia mwaka 2004. Mwaka 2006 ikaongeza Gračanica, makao ya Patriarki ya Peć na kanisa la Bogorodica Ljeviška, na yote manne yakawekwa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Jengo limeshabomolewa lote. Unalinda nini hapo?

Kiwanja. Hili ndilo jambo ambalo watu wengi hulikosa, na lina maana kuliko yote.

Mahali palipobaki wazi hapakai wazi siku nyingi. Anakuja mwenye kioski, halafu magari yanaanza kuegeshwa, halafu halmashauri inatoa hati kwa mtu mwingine. Mwathirika akirudi baada ya miaka mitano anakuta mbele yake mwenye duka ambaye naye ana watoto wa kulisha. Tume ya Bosnia ililiona hilo mapema. Ilianza kutangaza kuwa urithi wa taifa "eneo na mabaki" ya msikiti uliobomolewa, hata pale ambapo hapakubaki jiwe juu ya jiwe. Tangazo hilo linazuia ujenzi mwingine wowote pale, isipokuwa kulirudisha jengo lililokuwapo. Ferhadija ililindwa kwa njia hiyo.

Msomaji wa Mombasa au Unguja ataelewa haraka, maana viwanja vingi vya misikiti ya Bosnia vilikuwa wakfu. Na wakfu, kama tujuavyo, hauna mtu wa kuuuza. Lakini hati isipotafutwa na kutunzwa, maneno ya wazee peke yake hayamzuii mwenye tingatinga.

Kuna kisa cha mwanamke mmoja kinachoeleza suala la kiwanja kuliko sheria zote. Fata Orlović, Mwislamu wa Konjević Polje, karibu na Srebrenica, alimpoteza mumewe na ndugu zaidi ya 20 katika mauaji ya mwaka 1995. Aliporudi kwake alikuta kanisa la Kiorthodoksi limejengwa uani mwa nyumba yake. Hakulichoma. Alidai ardhi yake kwa takriban miaka 20, kutoka ofisi hadi ofisi, mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ilipoamua mwaka 2019 kwamba kanisa liondolewe. Liliondolewa Juni 2021, akiwa mzee. Kulinda mahali patakatifu hakumaanishi kulinda kila jengo lenye msalaba au mwezi juu yake. Kuna majengo yaliyowekwa makusudi kwenye ardhi ya watu waliofukuzwa.

Je, mtu anaweza kufungwa kwa kubomoa msikiti au kanisa?

Anaweza, na wamefungwa. Mahakama ya kimataifa ya uhalifu wa kivita ya Yugoslavia ilimtia hatiani Radoslav Brđanin, kiongozi wa Waserbia wa eneo la Banja Luka, kwa makosa kadhaa, moja likiwa uharibifu wa majengo ya dini. Miodrag Jokić, kamanda wa wanamaji, alikiri kosa na kuhukumiwa miaka 7 mwaka 2004 kwa kuushambulia Mji Mkongwe wa Dubrovnik, Kroatia. Kwa upande wa Afrika, Ahmad al-Faqi al-Mahdi alihukumiwa miaka 9 mwaka 2016 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa makaburi ya mawalii na mlango wa msikiti wa Timbuktu.

Usitegemee mno, hata hivyo. Kesi ya Daraja la Mostar iliisha vibaya kwa wanaolipenda: mwaka 2017 majaji wa rufaa walisema daraja lilikuwa likitumika kijeshi, hivyo lilikuwa shabaha halali. Hukumu ya kuliangusha ikafutwa.

Msikiti uliojengwa upya si bandia tu?

Inategemea umejengwaje. Kwa Ferhadija, mafundi na wasomi wa usanifu wa Sarajevo walirudi hadi jalalani. Waliyafukua mawe, mengine yamevunjika vipande vipande, wakayasafisha, wakayapima, wakayalinganisha na picha na michoro ya zamani ili kujua jiwe hili lilikaa kwenye ukuta upi, safu ya ngapi. Fikiria kazi hiyo: umeshika pande la jiwe lililotoka kwenye takataka, upande mmoja una alama ya patasi ya fundi wa karne ya 16, na unatafuta pacha wake miongoni mwa maelfu. Yaliyopatikana yakarudishwa ukutani, na palipopungua pakawekwa mawe mapya. Msikiti ulifunguliwa 7 Mei 2016, siku ileile uliyolipuliwa, miaka 23 baadaye.

Mostar ilikuwa tofauti. Mawe ya daraja yalitolewa mtoni Neretva na wapiga mbizi wa jeshi la Hungary, lakini yalikuwa yameumia mno kubeba uzito. Basi yakachongwa mawe mapya ya tenelija, jiwe la pale pale, kwa mbinu za zamani, na daraja likafunguliwa Julai 2004. Mwaka uliofuata UNESCO ililiandikisha. Wapo wanaosema si lile alilojenga Mimar Hajruddin mwaka 1566. Kweli si lile. Lakini vijana wa Mostar wanaliruka kwenda majini kama walivyoliruka babu zao, na sioni ni kwa nini mtalii aliyekuja siku mbili aamue kwa niaba yao.

Na mnara mpya mkubwa kuliko wa zamani? Huo nao ni urithi?

Hapana. Kanisa Katoliki la Wafransisko la Mostar lilirudi baada ya vita likiwa na mnara wa kengele unaopita mita 100, unaoonekana kila kona ya mji. Jumuiya iliyochomewa kanisa ina haki ya kanisa. Mnara wa kumzidi jirani ni vita kwa njia nyingine, na misikiti mipya mahali pengine Bosnia imefanya vivyo hivyo.

Wafadhili wa nje wakija na pesa, kuna ubaya gani?

Pesa zinahitajika, na wengine wamesaidia vizuri. Qatar ilifadhili jengo jipya la Maktaba ya Gazi Husrev-beg mjini Sarajevo, lililofunguliwa mwaka 2014. Lakini mfadhili huja na ladha yake. Msikiti wa Gazi Husrev-beg, wa karne ya 16, ulinusurika na makombora, halafu ukarabati uliofadhiliwa kutoka Saudi Arabia ukapaka kuta zake za ndani rangi nyeupe tupu na nakshi zikatoweka. Waumini walilalamika, na miaka michache baadaye nakshi zilichorwa tena. Ushauri wangu: kabla ya kusaini, mfadhili na jumuiya waandikiane kwa maneno ya wazi nini hakitaguswa. Jambo hili si la Wasaudi pekee. Yeyote anayelipa huona jengo kwa macho ya kwao.

Askari walinde hadi lini?

Dečani, monasteri ya karne ya 14 magharibi mwa Kosovo, imelindwa na askari wa KFOR, kikosi cha kulinda amani cha NATO, hasa Waitalia, tangu mwaka 1999. Mwaka 2007 ilirushiwa roketi. Maeneo mengine kama Gračanica na Peć yamekabidhiwa polisi wa Kosovo, wenye kikosi maalumu cha kazi hiyo, na kukabidhi huko ni hatua njema: polisi ni wa nchi, askari wa kigeni ataondoka.

Ila mlinzi mlangoni hatoshi ikiwa ofisi ya ardhi inakupinga. Monasteri ya Dečani ilikuwa na mgogoro wa hekta 24 za ardhi. Mahakama ya Katiba ya Kosovo yenyewe iliamua mwaka 2016 kwamba ardhi ni ya watawa. Ofisi ilikuja kuiandikisha Machi 2024. Karibu miaka minane ya kukalia karatasi! Na hawa ni watawa ambao mwaka 1999 waliwaficha Waalbania ndani ya kuta zao dhidi ya vikosi vya Waserbia.

Vipi ikiwa mauaji yenyewe yalifanyika ndani ya nyumba ya ibada?

Hapa lazima twende Rwanda. Mwaka 1994 watu walikimbilia makanisani wakiamini hakuna atakayewaua mbele ya altare, kama ilivyokuwa katika machafuko ya awali. Nyamata na Ntarama wakauawa kwa maelfu. Makanisa hayo mawili hayakurudi kuwa ya ibada. Yamebaki kumbukumbu, na nguo za waliouawa zimo ndani. Mwaka 2023 Nyamata iliandikishwa UNESCO pamoja na Murambi, Gisozi na Bisesero. Nyange ni tofauti tena, maana kanisa lenyewe liliangushwa kwa tingatinga juu ya watu waliokuwamo. Padri wake, Athanase Seromba, alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008 na majaji wa rufaa wa ICTR, mahakama ya kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda iliyokuwa na makao yake Arusha.

Hakuna jibu moja. Kuna parokia za Rwanda ambako misa iliendelea baada ya kusafishwa na kuombewa, na kuna manusura ambao hilo liliwauma sana. Ninachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba uamuzi huo usitolewe na askofu peke yake wala serikali peke yake. Waulizwe kwanza wale ambao ndugu zao wamezikwa pale.

Vitabu na hati pia ni urithi wa kulindwa?

Huenda ndivyo vya kwanza. Mei 1992 Taasisi ya Masomo ya Mashariki ya Sarajevo iliteketea ikiwa na miswada zaidi ya 5,000 ya Kiarabu, Kituruki na Kiajemi. Agosti ikafuata Vijećnica, Maktaba ya Taifa, na mkutubi Aida Buturović aliuawa siku hizo za kuokoa vitabu.

Maktaba ya Gazi Husrev-beg ilinusurika kwa sababu wafanyakazi wake waliihamisha. Mkurugenzi Mustafa Jahić na wenzake wachache walipakia miswada kwenye maboksi ya ndizi na kuibeba kwa mikono, katika mji uliozingirwa na wadunguaji, kutoka maficho hadi maficho. Mmoja wa wabebaji alikuwa mlinzi wa usiku, Mkongo, Abbas Lutumba Husein. Jina lake halijulikani sana kwetu, na linastahili. Mtu kutoka Kongo alihatarisha roho yake mtaani Sarajevo kwa ajili ya vitabu ambavyo havikuandikwa na babu zake.

Msikiti ukijengwa lakini watu wasirudi, imesaidia nini?

Swali hili ndilo linaloniuma. Mei 2001, jiwe la msingi la Ferhadija lilipotaka kuwekwa, umati wa maelfu uliwashambulia waumini kwa mawe na kuchoma mabasi yaliyowaleta, na mzee mmoja akafa kwa majeraha. Jiwe liliwekwa mwezi uliofuata, chini ya ulinzi mkali. Aladža nao ulifunguliwa upya Mei 2019, mzuri kama ulivyokuwa, katika mji wa Foča ambako Waislamu waliobaki ni wachache mno.

Nimefikia kuamini kwamba jengo hulindwa kwa kulinda watu wanaoliingia. Barabara ya kufika, shule ambayo mtoto hatapigwa kwa jina lake, polisi anayepokea malalamiko, pensheni ya bibi inayolipwa pale pale badala ya mji wa mbali: hivyo ndivyo ulinzi wa urithi, ingawa havimo kwenye bajeti ya wizara ya utamaduni. Lakini kinyume chake nacho kina ukweli. Kuna wazee waliorudi kijijini kwa sababu tu walisikia adhana itasomwa tena Ijumaa, na waliposhaanza wao, vijana wachache wakafuata kupaka nyumba rangi.

Kanisa au msikiti wetu umechomwa jana. Tufanye nini wiki hii?

Msiruhusu kifusi kizolewe. Kifusi si taka: ndani yake mna mawe, milango, vyuma na vyombo vinavyoweza kurudi mahali pake. Pigeni picha kila upande kabla kitu hakijasogezwa, na kila jiwe kubwa lipewe namba iliyoandikwa pia kwenye daftari. Funikeni paa kwa turubai. Mvua ya msimu mmoja hufanya kwenye kuta zenye michoro kile ambacho moto haukumaliza. Msifute masizi ukutani kwa kitambaa na maji, kwani mtaondoka na rangi, na hiyo ni kazi ya fundi maalumu. Wekeni zamu ya ulinzi usiku, maana wezi wa mabati na madini ya risasi ya paa hawana kabila. Na kama mnaweza, katika zamu hiyo awepo hata mtu mmoja kutoka upande wa pili.

Mimi nipo ng'ambo, sina pesa. Nina mchango gani?

Una picha? Mtaalamu wa maktaba András Riedlmayer wa Harvard alitoa ushahidi mahakamani The Hague akionyesha picha za kabla na za baada, jengo kwa jengo. Yeye na wenzake pia walitafuta duniani kote nakala za miswada iliyoungua Sarajevo, kwa sababu wasomi wa zamani waliwahi kuzipiga na kurudi nazo makwao. Mafundi wa Banja Luka nao walizihitaji picha ili kujua jiwe likae wapi. Kwa hiyo ile picha ya harusi ya shangazi, mmesimama mbele ya mlango wa msikiti au ngazi za kanisa, itoe kwenye albamu. Andika nyuma yake kwa penseli mahali, mwaka na majina, ipige nakala, na nakala itume kwa mtu wa nyumbani atakayejua pa kuiweka.